Gauni Lisilo na Mgongo

Kila mwanamke mtaani kwetu ana picha moja ambamo ni tajiri. Picha hiyo nimempiga mimi.

Studio yangu ni chumba kimoja chenye mlango wa kioo. Ukutani pamechorwa jumba la ghorofa lenye nguzo mbili na ngazi nyeupe, kazi ya mchora mabango ambaye hajawahi kuingia kwenye jumba la namna hiyo, ndiyo maana ngazi zake zinapanda, zinagonga dari na kuishia hapo. Mteja akisimama pale ninapomsimamisha, bega lake linaziba kosa. Nyuma ya pazia kuna kamba, na kwenye kamba kuna koti la suti, tai tatu, miwani ya jua, mkoba wa kike ambao zipu yake haifunguki, na gauni. Kuazima ni bure. Sharti ni moja, halijaandikwa popote: kinachoazimwa nyuma ya pazia hakisemwi mbele yake. Nimelishika sharti hilo miaka ishirini na miwili. Watu huniita Mama Picha. Wenye ulimi mrefu huniita Mama Uongo, nami huitika yote mawili.

Gauni lazima nilieleze vizuri. Ni refu, rangi ya damu ya mzee, lina vishanga shingoni. Mbele linameta. Nyuma halina kitu: mgongo mzima umepasuliwa toka shingoni hadi kiunoni, na mahali pa zipu pana kamba nne za kufungia, ili limkae mwembamba, mnene, mjamzito na aliyejifungua juzi. Ukilivaa huwezi kutoka hata mlangoni, maana nyuma uko nusu uchi. Aliyelipasua na kulitia kamba ni fundi cherehani aliyekuwa na meza yake milango mitatu kutoka kwangu. Tulimwita Fundi tu, kana kwamba mtaa mzima haukuwa na fundi mwingine. Kamba zilipokatika nilimpelekea, naye alizishona huku akinitania. "Mama Picha," alikuwa akisema, "hili gauni limevaliwa na mtaa mzima, bado mimi tu."

Siku aliyolivaa alikuwa amekuja kumpigisha binti yake picha ya kadi ya shule. Mtoto ana miaka saba. Alikuwa ndiyo kwanza amejua kusoma, na kila herufi aliyoiona aliisoma kwa sauti. Alisoma USIGUSE TAA. Alisoma FUTA MIGUU. Alisoma maandishi kwenye kasha la karatasi zangu, akakosea, akarudia. Maandishi madogo yalimshinda, lakini yakiwa makubwa alikuwa hayaachi. Alipomaliza kuta zote akachungulia nyuma ya pazia.

"Mama, hili si lile unalolishona?"

"Ndilo."

"Basi livae."

"Nina kazi mezani, mwanangu."

"Kila siku unalishona, wenzio wanalivaa. Vaa na wewe."

Sikumbuki kati yangu na Fundi nani alicheka kwanza. Alilivaa. Mtoto mwenyewe alifunga kamba kwa nyuma, ulimi nje kwa bidii. Nilipiga picha saba. Ya tano ilipoingia kwenye kamera nilijua, kabla hata ya kuitazama. Mwanga wa dirishani ulimshika shavuni, kidevu kimeinuka kidogo tu, macho yametulia. Mpiga picha wa mtaani kama mimi anapata picha ya namna hiyo mara mbili au tatu maishani. Niliichapa, nikaitia kwenye bahasha. Fundi akasema ataipitia akishapata fremu.

Wiki tatu baadaye mume wake alimuua.

Jinsi alivyomuua sitasimulia. Gazeti lilisimulia, kwa nafasi ya kurasa mbili, na mchoro wa nyumba wenye mishale. Mimi nitasema tu kwamba alikuwa na miaka thelathini na moja, kwamba mume alikamatwa siku hiyo hiyo na hakukana, na kwamba kwenye cherehani yake pale mezani kulikuwa na suruali ya mtu yenye mguu mmoja umekunjwa na mwingine bado.

Asubuhi iliyofuata aliingia studio kijana wa gazeti. Namjua. Picha ya kitambulisho chake cha kwanza niliipiga mimi, na koti alilovaa siku ile lilikuwa langu. Alinisalimia kwa heshima, akanipa pole, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Mama, tunatafuta picha ya marehemu," akasema. "Watu wamwone alivyokuwa. Wasimjue kwa habari za polisi tu."

Maneno hayo yaliniingia. Nilikuwa na picha zake mbili. Moja ya kitambulisho, amefunga kitambaa kichwani, macho yamechoka, Fundi yule yule aliyekuwa akinikopesha pini. Nyingine ni ile ya tano. Hapo ndipo nilipokosea, na sijitetei. Sikuzitazama kama jirani. Nilizitazama kama mpiga picha. Nilimpa kilicho kizuri zaidi, na nilipokuwa nikimpa nilimwambia, nakumbuka kila neno, aandike chini yake kwamba imetoka studio kwangu. Msiba wa mwenzangu, nami naulizia jina langu liandikwe.

"Bila shaka, Mama," akasema.

Siku ya pili gazeti lilikuwa limetundikwa kwenye waya wa muuza magazeti, na watu wamesimama chini yake. Picha ilijaza ukurasa wa mbele. Gauni langu la damu ya mzee lilikuwa limekuwa jekundu la kuwaka; najua kazi ya rangi nikiiona, kuna mtu alikaa akaliongeza. Juu yake, kwa herufi za urefu wa kidole, palikuwa na maneno matatu: GAUNI LA KIFO. Chini, kwa herufi ndogo: "Nani alimnunulia? Jumba hili ni la nani?"

Nilinunua, nikasoma nimesimama barabarani. Chanzo kilicho karibu na familia kilisema marehemu alipenda maisha ya juu. Jirani ambaye hakutaka kutajwa alisema gauni lile si la mshahara wa fundi. Jumba lilikuwa bado linatafutwa. Jumba. Ukuta wangu, wenye ufa uliofichwa na nguzo ya kushoto, ulikuwa unatafutwa na gazeti zima. Na mwanamke aliyeshona hadi macho yakauma amekuwa mtu wa kuhongwa, na mwanamume aliyemuua amekuwa mtu aliyechokozwa. Pembeni, kwa maandishi ya kukodoa macho, paliandikwa: "Picha kwa hisani ya studio ya Mama Picha." Nilichoomba nilipewa.

Mtaa wetu unajua gauni lile. Sio chini ya wanawake arobaini wamelivaa. Lakini sikusikia hata mmoja akisema, na sikushangaa. Kusema "lile ni la studio" ni kusema "na la kwangu pale sebuleni ni la studio pia". Sharti langu lilikuwa limewashika vizuri kuliko nilivyodhani, hata mimi mwenyewe lilinishika.

Siku ya nne baada ya maziko alikuja mama yake Fundi. Alikuja na mjukuu wake, amemshika mkono. Nilijiandaa kutukanwa, na ingekuwa nafuu.

"Hujambo, mwanangu," akasema. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Lile gauni ni la nani?"

"Ni langu, mama. Ni la studio."

Alifumba macho, akayafumbua. "Nilijua tu," akasema, lakini nilimwona anavyoketi, akishika kigoda kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuwa hajui na sasa amejua. Mama mzazi alikuwa amelala usiku nne akijiuliza kama alimjua mtoto wake. Hilo nalo ni la kwangu.

Akanieleza kilichomleta. Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa imewaita Jumatano, yeye na dada wa mkwewe, ili iamuliwe mtoto akae kwa nani. Yule shangazi alikuwa akipita akilionyesha gazeti, akisema mtoto wa kike hawezi kuachwa kwenye mikono iliyomlea mama wa namna ile.

"Na huyu," akasema, akimtazama mjukuu wake, "tangu siku ya gazeti hajasema neno. Anakula. Analala. Halii. Hasemi."

Nilimtazama mtoto. Alikuwa amesimama amelipa pazia mgongo. USIGUSE TAA ilikuwa mbele ya uso wake, na hakuisoma.

"Jumatano nitakuja," nikamwambia mama. "Na gauni nitakuja nalo."

Lakini kwanza nilitaka gazeti lenyewe lifute. Nilidhani wakosaji wakiambiwa kosa watalisahihisha, maana mimi nikimkata mtu kichwa kwenye picha humpiga tena. Nikafunga studio nikaenda.

Chumba cha habari kilikuwa cha baridi na kimya kuliko nilivyotegemea. Ukutani kulikuwa na kioo kikubwa kinachoonyesha habari zao mtandaoni, ipi inasomwa na watu wangapi wakati huo huo, na namba zinapanda na kushuka. Fundi alikuwa wa pili kutoka juu. Aliyemzidi alikuwa ni ajali ya basi.

Kijana wangu aliponiona alisimama haraka, akanivutia kando.

"Mama, niliandika 'akiwa studio'," akasema kwa sauti ya chini. "Maneno mawili. Yalikatwa. Hayakuingia kwenye mstari."

"Na jumba? Si umesimama mbele yake mwenyewe, na koti langu?"

Akatazama viatu vyake. "Kichwa cha habari haandiki mwandishi, Mama."

Mhariri alinipokea vizuri, akaniagizia maji. Hakuwa mtu mbaya wa kumtazama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye karatasi, akasema kusahihisha kunawezekana: mistari mitatu, ukurasa wa kumi na nne, wiki ijayo. Kisha akaacha kuandika. Nilimwona macho yake yanavyoamka.

"Hilo gauni unalo?"

"Ninalo."

"Na hao wengine waliolivaa. Picha zao unazo?"

"Ninazo zote."

"Basi, Mama, tusiishie mistari mitatu," akasema, na sasa alikuwa amesogeza kiti. "Tukupe ukurasa mzima. Wewe umelishika gauni, hivi. Pembeni picha za wale wengine, kumi tu wanatosha. 'Waliovaa gauni la kifo.' Wasomaji watalielewa hapo hapo, na marehemu atakuwa amesafishwa."

Nilikuwa nimekwenda kumwomba azime moto, naye ananiomba kuni. Nilikasirika, lakini hasira yangu haikufika mbali, maana nilimtambua. Alikuwa amepewa vitu viwili, kweli na kinachong'aa, akachukua kinachong'aa kwa ujuzi wa kazi yake. Mimi nilifanya hivyo kabla yake, na bila yeye kuniomba. Nilimshukuru kwa maji. Nikaondoka.

Jumatano asubuhi nililikunja gauni nikalitia kwenye mfuko. Kisha nikafungua kabati la bahasha, nikatafuta mwaka, nikatoa moja nikaitia kwenye mkoba wangu. Ndani yake kulikuwa na shangazi wa mtoto. Anauza vyombo vya plastiki sokoni, na mwaka aliochumbiwa alikuja kwangu, akasimama mbele ya ngazi zangu, ndani ya gauni lile lile. Nilisema moyoni: akifungua mdomo, namfunga nayo.

Ofisi ya ustawi ilikuwa chumba chenye meza mbili, kalenda ya mwaka jana na kabati la mafaili lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ofisa alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye mafua. Tuliketi kwenye mabenchi mawili yanayotazamana. Upande huu mama yake Fundi, mjukuu katikati, mimi. Upande ule shangazi peke yake, na gazeti amelitia kwenye jalada la plastiki kana kwamba ni cheti.

Shangazi alianza. Nilitegemea ubishi, akaongea taratibu.

"Sikuja kumtetea kaka yangu," akasema. "Alichofanya atakijibu. Mimi silali. Lakini huyu mtoto ni damu yetu, na sasa ndiye tuliyebaki naye. Mimi nauliza tu, mama yake alikuwa anaishi maisha gani? Si mimi ninayesema. Imeandikwa hapa." Akalisukuma lile jalada mezani.

Ofisa alilitazama bila kuligusa. Alishaliona, kama watu wote. "Bibi, una la kusema?"

"Nimekuja na mtu," akasema mama yake Fundi.

Nilisimama. Sikuwa nimeandaa hotuba. Nilisema mimi ni nani na nafanya kazi gani, kisha nikalitoa gauni nikalitandaza juu ya meza, kwanza mbele, ili walitambue. Ofisa akalilinganisha na gazeti. "Mbona rangi si hiyo?" akauliza. Nikamwambia rangi ya gazeti ni ya gazeti. Kisha nikaligeuza.

Gauni lilikuwa limelala kifudifudi, limepasuka toka juu hadi kiunoni, na kamba zinaning'inia.

"Hili haliendi hotelini," nikasema. "Haliendi popote. Halijawahi kutoka studio kwangu mpaka leo. Na jumba mnaloliona ni ukuta wangu. Mkitaka, twendeni mkauguse."

Mama yake Fundi alikuwa amenyanyuka. Aliinama juu ya meza, akaishika kamba moja, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. "Huu mkono wake," akasema. "Tazama anavyorudia mara mbili mwanzoni. Nilimfundisha mimi." Akaendelea kuishika.

"Ni kweli," nikasema. "Yeye ndiye aliyelishona hivyo. Hakununuliwa na mtu. Alikuwa analitengeneza ili wenzake wapendeze."

Ofisa alipenga kamasi, akanigeukia. "Nakuelewa, mama. Lakini niandike nini? Wewe ni mwenye gauni. Kuna mwingine anayeweza kuthibitisha kwamba ndivyo lilivyokuwa likitumika?"

Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba, juu ya bahasha. Nilimtazama shangazi. Alikuwa haangalii gauni. Alikuwa anaangalia mkono wangu, na rangi imemtoka. Alijua nina nini mle. Ilikuwa rahisi sana. Lakini nilikuwa nimeshatoa picha ya mwanamke mmoja bila ruhusa yake, nikaona ilikofika. Ya pili sikuwa tayari kuitoa, hata kwa haki. Nikautoa mkono mtupu.

"Wapo," nikasema. "Ila siwataji. Wakitaka watajitaja."

Ofisa alivuta kamasi, kalamu ikisubiri juu ya karatasi. Nilihisi mama yake Fundi ananitazama. Nilikuwa nimekuja kumwokolea mjukuu, na sasa labda namponza kwa sharti langu.

"Lina kamba nne," akasema shangazi.

Ofisa alihesabu. "Naona tatu."

"Ni nne. Moja itakuwa imekatika." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi lilinikaba hapa kwapani. Yeye ndiye aliyekuja kunilegezea, Fundi. Alikuwa bado hajaolewa kwetu. Alinilegezea akaniambia nimependeza." Akalivuta lile jalada la plastiki kutoka mezani, akaliweka miguuni pake, uso wa gazeti chini. "Andika mimi nimethibitisha. Andika na jina langu."

Ofisa aliandika. Kalamu yake ilikuwa ikikwaruza. Akiwa bado ameinama akauliza, kwa kutaka tu kukamilisha maelezo yake, "Na siku hiyo, nani alimvisha?"

"Mimi," akasema mtoto.

Tuligeuka wote. Alikuwa ameketi vile vile, mikono chini ya mapaja, anaongea na meza.

"Alikuwa hataki. Alisema ana kazi. Mimi ndiye niliyemwambia avae. Imeandikwa gauni la kifo. Nilisoma mwenyewe."

Bibi yake alimvuta akamkumbatia, naye ndipo akalia, kilio cha siku zote zile kwa pamoja. Shangazi alijifunika uso kwa kitambaa chake. Ofisa alivua miwani. Mimi nilibaki nimesimama na gauni langu mbele yangu, na kwa mara ya kwanza nilielewa nilichokifanya. Nilidhani nimempaka matope marehemu na kumfedhehesha mama yake. Kumbe kulikuwa na mtu mwingine aliyesoma, mtu ambaye maneno yale matatu ndiyo ya kwanza kuyasoma peke yake gazetini, kwa sababu yalikuwa makubwa ya kumtosha. Alikuwa ameyabeba kimya siku zote, akijua kwamba yeye ndiye aliyesema "livae".

Nilipiga magoti mbele yake. Nikamwambia gauni halikumuua mama yake, baba yake ndiye aliyemuua, na si kwa sababu ya gauni. Gauni limeingia gazetini kwa sababu mimi nilitoa picha. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupunguza, na wakubwa wakisikia. Sijui hata kama alinisikia.

Ofisa aliandika kwamba mtoto abaki kwa bibi yake, na shangazi aruhusiwe kumtembelea kila Jumapili. Shangazi alitia sahihi. Mlangoni alinikaribia. "Bahasha ile," akasema. Nikampa. Hakuifungua, akaitia ndani ya nguo yake akaenda zake.

Mchana ule nilikaa mbele ya kompyuta nikafungua zile picha saba. Ya tano niliipita. Nikasimama kwenye ya sita.

Nilikuwa nimeisahau, maana ni picha mbovu. Nilibonyeza wakati mambo yameshaharibika: Fundi amegeuka kutazama nyuma, mgongo wote uko wazi, kamba moja imekatika, ngazi zangu zinaonekana vizuri zinavyogonga dari. Mtoto yuko nyuma yake na kamba mkononi, ulimi nje. Na Fundi anacheka. Si kicheko cha picha. Mdomo wote uko wazi, na pengo lake la kushoto, alilokuwa akilificha, linaonekana. Picha yenye kila kitu ambacho miaka ishirini na miwili nimekuwa nikikiziba.

Niliichapa nakala moja. Ilipokuwa ikitoka, kijana wa gazeti akachungulia mlangoni. Alikuwa ameshasikia habari za ofisini kwa ustawi; mtaa haufichi kitu.

"Mama, shikamoo. Hakuna picha nyingine ya marehemu? Mhariri anasema safari hii tutaandika vizuri."

Nikageuza karatasi uso chini. "Hakuna," nikamwambia. Jina langu la pili, Mama Uongo, nalo lina siku yake ya kufaa.

Alipoondoka nilichukua kalamu ya wino mzito, nikaandika mgongoni mwa picha. Sijawahi kuandika maelezo chini ya picha yangu hata moja, hiyo huwa kazi ya wengine. Niliandika polepole, kwa herufi kubwa, kila moja imejitenga na mwenzake. Kisha nikafunga studio nikaenda kwa bibi yake.

Mtoto alikuwa ameketi kizingitini. Nikakaa chini karibu naye, nikampa. Aliitazama kwa muda mrefu sana. Baadaye akaigeuza, akaona maandishi, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza.

"MA-MA," akasoma. Kidole kikasogea. "A-NA-CHE-KA."

"Anacheka nini?" nikamuuliza.

Akaigeuza tena, akatazama ile kamba iliyoko mkononi mwake pichani.

"Nilivuta ikakatika," akasema. "Akasema nisijali, ataishona."